Udongo Tulioubeba Kichwani

Vijana wa idara ya afya, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa sijui mtu aliyestaafu mnataka awahi wapi. Nimeitundika sebuleni, na kila ikigonga mbuzi wa jirani anashtuka. Siku ile mlinisifu mno. Mmoja wenu alisimama akasema Bibi Afya huyu hajawahi kukosea. Nilitaka kumkatiza, nikaona keki inayeyuka kwa joto, nikanyamaza. Ndiyo sababu naandika. Nilikosea, na kosa langu lina kaburi Ilemela. Heri mlisikie kwangu kuliko mlikute kwenye faili mkiwa mmeshafanya kama mimi.

Nilianzia Nyakato, binti mwembamba mwenye cheti kipya na viatu vya kisigino. Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Bwana Afya Rweyemamu, Mhaya wa Kiswahili cha kunyoosha. Alivitazama viatu vyangu, akavitazama tena, akasema, "Binti, hivyo ni vya harusi. Sisi tunakwenda chooni." Akanipa mabuti ya mpira ya mtu aliyekuwa ameshafariki, makubwa kuliko mguu wangu. Niliyajaza magazeti nikatembea nayo mwaka mzima, nikisikika nakuja kabla sijaonekana.

Vifaa vya Rweyemamu vilikuwa mabuti, daftari, fimbo ya kuchokolea na pua. Pua alisema hailetwi na serikali, kwa hiyo niitunze. Na alikuwa na neno moja alilolirudia kila asubuhi: "Usiingie kwa mtu kupitia sebuleni. Sebule imefagiliwa kwa ajili yako. Pitia jikoni. Jiko halijui kudanganya." Nililishika neno hilo kama amri ya kumi na moja.

Miaka ilikwenda hivyo. Nilimwaga nyama iliyooza mbele ya mwenye bucha na panga lake mkononi. Nilivuka na kivuko hadi Kamanga kumfuata bwana mmoja mgonjwa wa kipindupindu aliyetoroka kambini, nikamkuta kwa wakwe zake, uvunguni. Nilizoea kuchukiwa. Kazi yetu hii, mtu akikushukuru ujue hujaikagua nyumba yake.

Kisha nikapangiwa kata moja ya Ilemela, kule vilimani kwenye mawe. Mtaa sitautaja, wenyewe wanajijua. Juu ya mtaa ule kulikuwa na shimo la machimbo. Mawe yalipokwisha, malori yakaanza kumwaga taka humo: za sokoni, za viwandani, na sindano za hospitali ambazo hakuna aliyekubali kuwa ni zake. Shimo likajaa, likapita kimo chake, likawa kilima. Mvua ikinyesha maji meusi yalishuka hadi kisimani. Na chini ya kilima hicho, imeegemea ukingo wa shimo kabisa, ilikuwapo nyumba ya Mama Kulwa.

Mama Kulwa alifika pale machimbo yakiwa hai, kugonga kokoto. Alijenga kwa mawe na udongo vyumba viwili na jiko. Mumewe alikwenda visiwani kuvua, akajipatia nyumba nyingine hukohuko. Alibaki na mapacha wa kike, Kulwa na Doto, wanafunzi wa darasa la tatu. Doto alikuwa mzima wa kupanda mawe kutwa. Kulwa alikuwa na pumu, na upepo ukigeuka kutoka dampo ungemsikia anavyovuta pumzi kabla hujafika mlangoni. Siku ya kwanza nilimshauri mama yake ahame. Akacheka, lakini si kwa furaha.

"Nihamie wapi, Bibi Afya? Mimi sikulifuata dampo. Dampo ndilo limenihamia."

Nikaahidi nitaliondoa, au walau nitalinyamazisha. Niliahidi mbele ya watoto, jambo ambalo nawakataza msilifanye kamwe.

Niliitisha mkutano wa mtaa. Wakaja watu sita, wawili wamelewa. Nikaitisha wa pili, wakaja wale waliolewa. Wa tatu tulikuwa mimi na mwenyekiti wa mtaa, naye akaaga mapema. Safari ya nne nilikuta milango yote imefungwa, hata kuku hawaonekani. Kumbe kuna msiba. Nikaufuata. Jamani! Watu niliowaita mara tatu wasije walikuwa wote pale, na hakuna aliyekuwa anauliza afanye nini. Nyumba kumi za juu zilichota maji. Nyumba kumi za bondeni zilileta kuni. Wengine walichimba kaburi, wengine walipika, wengine walifunga turubai. Katikati alikaa Bi Zuhura, muuza vitenge, mwenyekiti wa chama cha kuzikana, daftari liko mapajani. Asiyetokea alitiwa alama, na siku akifiwa yeye atachimba peke yake. Wakristo, Waislamu na wasiosali popote, wote walimo katika daftari lile.

Mazishi yalipokwisha nilimsogelea. "Bi Zuhura, niazime watu wako."

"Nani amekufa?"

"Bado."

Alinyanyua macho akalitazama dampo. "Basi tutaliandika kama msiba," akasema. "Kila nyumba mtu mmoja na jembe lake. Asiyekuja, alama."

Sijawahi kuona kazi kama ile, na nimeona miradi yenye magari mapya. Kina mama waliviringisha mawe hadi njia ya malori ikafungika, kisha wakakaa juu yake wakichambua dagaa. Dereva mmoja alishuka akifoka kwamba anapoteza muda. Bi Zuhura akamwambia, "Kaa, mwanangu, tukuchambulie." Yule aligeuza lori. Wakachimba mfereji wa kuzuia maji meusi, wakaokota sindano kwa koleo za jikoni, nikawafundisha namna ya kuzihifadhi kwenye madumu. Mwezi ukapita bila lori. Nikaandika taarifa ndefu ya kujisifu kwa niaba ya wananchi, mnajua tunavyoziandika.

Kiangazi kikaja, na dampo likawaka kutoka ndani. Hakuna aliyeliwasha, taka zikirundikana hujipasha zenyewe. Moto hukuuona ila moshi, mzito, wa plastiki, mchana na usiku. Mtaa mzima ulikohoa. Kulwa alipelekwa hospitali mara mbili katika wiki moja, na mara ya pili mama yake alinishika mkono asiuachie.

"Bibi Afya, mwanangu anaisha mbele ya macho yangu. Zima huo moshi. Kwa namna yoyote."

Maji hatukuwa nayo ya kutosha kilima kile. Kitabu changu cha kazi kilisema dampo lifunikwe kwa udongo. Nikamwendea Bi Zuhura, akafungua daftari, na kesho yake watu wakaanza kuchimba udongo mwekundu bondeni.

Hapo ndipo Mzee Masanja aliponijia. Alikuwa mzee wa Sengerema, aliyeishi kwa mwanawe pale mtaani, mikono yake imejaa makovu ya moto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huo udongo wa nini, Bibi Afya?"

"Wa kufunikia moto."

"Mimi nimechoma mkaa tangu kijana. Unajua mkaa unachomwaje?"

"Mzee wangu, nina haraka."

"Unapanga magogo, unawasha, unafunika kwa udongo. Hatuufuniki moto ili ufe. Tunaufunika ili ule taratibu. Na moshi unautolea matundu. Usipoutolea, utajitafutia njia wenyewe."

"Hizi ni taka, mzee, si magogo. Kitabu kinasema udongo."

"Haya, mwanangu. Wewe umesoma."

Iko haya ya kukubali na iko haya ya kumwachia mtu ajionee. Niliijua ile ni ipi. Hakukuwa na mtu mwingine aliyetusikia, na mimi nikageuka nikaenda kuhesabu ndoo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema watu. Guu lingekuwa langu ningeshukuru.

Tulibeba udongo siku tatu. Ndoo, karai, magunia, masufuria ya msibani, vyote kichwani, mstari mmoja kutoka bondeni hadi juu, na nyimbo. Nami nilibeba. Mama Kulwa alibeba kuliko wote, akipanda mbio na kushuka mbio. Tuliushindilia kwa miguu kila ufa ulipotoa moshi. Jioni ya siku ya tatu hapakuwa na moshi hata wa sigara. Watu walipiga vigelegele. Siku chache baadaye nilimwona Kulwa anapanda mawe nyuma ya Doto, polepole, lakini anapanda. Mama yake aliniletea sato mkubwa amefungwa kwenye gazeti. Alikuwa mtu wa kwanza kunishukuru tangu nianze kazi, na nilikula samaki yule kwa raha zote.

Kisha vuli ikaanza. Mvua ya kwanza ilinyesha kutwa ikakesha. Ule udongo mwekundu ulilowa ukashikana, ukaziba hata vitundu ambavyo miguu yetu haikuviziba. Baridi ilikuwa kali kwa Mwanza, kila nyumba ilifunga dirisha.

Asubuhi nikaitwa. Nilifika saa mbili. Mlango wa mbele wa Mama Kulwa ulikuwa umevunjwa na majirani. Mama Kulwa na Doto walikuwa wamelazwa nje kwenye mkeka, wanatapika, hawawezi kusimama. Kulwa alikuwa amefunikwa kanga. Kitanda chake ndicho kilichokuwa kimesogezwa kwenye ukuta wa nyuma, ule unaoegemea dampo, kwa sababu paa halikuvuja upande ule.

Nilizunguka nikaingia kwa mlango wa jikoni, kama nilivyofundishwa. Jikoni kulikuwa na jiko la mkaa, makaa yake mekundu, na dirisha limezibwa kwa gunia. Nikatazama mara moja. Nikaandika hapohapo nimesimama: wamelala na jiko la mkaa ndani, chumba kimefungwa, marehemu amekufa kwa hewa yake. Polisi walinakili maneno yangu. Daktari aliyeutazama mwili alisema ndiyo, dalili ni za hewa ya mkaa, nami nikajiona nina akili. Nyuma yangu nilimsikia Mama Kulwa akiwa mkekani: "Sikulala na jiko, jamani. Sikulala na jiko." Mtu akamwambia, "Nyamaza, mama. Ni kazi ya Mungu."

Kesho yake tukazika. Mnajua desturi: kabla jeneza halijashushwa husomwa wasifu wa marehemu, alizaliwa lini, alisoma wapi, nini kilimwua. Msomaji alikuwa na karatasi yangu. Akasoma kwa sauti ya kanisani kwamba kifo kilisababishwa na jiko la mkaa lililoachwa linawaka ndani na mzazi. Watu wote walimgeukia Mama Kulwa, kisha wakageuka upande mwingine, na kule kugeuka kwa pili ndiko kubaya zaidi. Yeye alitazama chini. Alikuwa amekoma kujitetea. Nadhani alikuwa ameanza kuamini.

Tukitoka makaburini Bi Zuhura alinivuta kando kwa hasira.

"Jiko gani uliloandika wewe?"

"Nililolikuta jikoni, linawaka."

"Lile ni langu! Nimelipeleka mimi alfajiri na makaa yake, kuchemsha maji ya kumwoshea mtoto. Msiba ukitangazwa upande ule, zamu ya jiko ni ya nyumba yangu, iko katika daftari. Lake tulilikuta nje, limejaa maji ya mvua."

Siku zote nimeisifu zamu yao, na sikukumbuka kwamba inaanza mtu anapokata roho. Kufika saa mbili, mtaa ule ulikuwa umeshaigeuza nyumba kuwa ya msiba, na mimi nikaikagua nyumba ya msiba nikadhani naona nyumba aliyofia mtoto.

"Sasa kama si jiko," akauliza Bi Zuhura, "ni nini?"

Nilijua kabla hajamaliza. Nikakimbia hadi kwa Mama Kulwa, mtu mzima na mabuti yangu, kwa sababu nilikumbuka wanawake waliolala msibani. Walikuwa wamelala chumba kilekile usiku uliopita, wamebanana. Kilichowaponya ni ule mlango uliovunjwa, haufungiki.

Mzee Masanja alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama chumbani, kiganja juu ya ukuta wa nyuma. Hakusema, "Nilikwambia." Alichukua mkono wangu akauweka pale. Ukuta wa mawe, siku ya mvua, ulikuwa na joto kama paji la mtoto mwenye homa.

"Tanuru," akasema. "Tumejenga tanuru kubwa kuliko yote niliyowahi kuona. Na tundu lake ni hapa."

Jua lilipozama nyumba zote zilizoegemea shimo zilikuwa zimehamwa. Bi Zuhura aligawa familia kwenye nyumba nyingine kwa kusoma daftari, turubai la msiba likahamishwa nazo, na hakuna aliyesema hana nafasi. Kesho yake kazi ya kufumua ikaanza, Mzee Masanja ndiye msimamizi, nami mbeba maji wake. Alitoboa kwanza matundu kwa nondo ndefu, moto upumue juu. Kisha tukafumua vipande vidogo vidogo, tunatandaza, tunamwagia maji, tunangoja vipoe, ndipo tunaingia kingine. Moshi ulirudi. Mtaa mzima ulikohoa tena, safari hii hakuna aliyelalamika. Kazi ile ilichukua wiki nyingi, na kuna vijana walioungua miguu humo. Leo pale ni mawe matupu, nyumba ya Mama Kulwa imebomolewa, na chama cha kuzikana kimemjengea nyingine mbali na shimo.

Lakini karatasi ilikuwa imeshasomwa makaburini. Bi Zuhura alieleza habari za jiko lake kwa kila mtu, na bado watu walinong'ona. Maneno ya mdomo hayafuti karatasi ya serikali. Na hata waliomwamini, walijua habari za jiko tu. Habari za onyo la Mzee Masanja tulizijua wawili, na yeye hakuwa na mpango wa kuzisema.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu wa wakati ule nikamwambia nataka kuandika upya. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Faili limefungwa, mama," akasema. "Mtoto ameshazikwa. Ukifungua, utamfaa nani?" Sitawadanganya, nilitoka pale nimefarijika. Nilirudi dampo nikabeba maji kwa bidii ya mtu anayetaka aonekane. Nilikuwa naogopa kazi yangu, naogopa ule mtaa, na zaidi ya yote namwogopa mwanamke mmoja aliyekaa chini ya turubai asiyemtazama mtu.

Siku ya kuanua matanga, asubuhi, nilimfuata nyuma ya turubai. Nilipiga magoti.

"Mama Kulwa, halikuwa jiko. Ni hewa ya dampo, imepita ukutani."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

"Ni nani?"

"Ni mimi. Niliagiza udongo. Mzee Masanja alinionya, sikumsikiliza."

Nilitegemea kofi. Ningelipokea. Alivuta pumzi kwa mdomo, kisha akasema, "Wasomee. Walisomewa lile, wasomewe na hili."

Nikaandika palepale kwenye karatasi ya daftari la Bi Zuhura. Nakala yake niliipeleka baadaye kwenye lile faili lililofungwa, kwa mkono wangu, na mkilifungua mtaikuta. Watu walipokwisha kula Bi Zuhura aliwanyamazisha, nami nikasimama. Siku zile, kwa huruma, majirani walikuwa wameanza kumwita yule mama kwa jina la pacha aliyebaki, wasimchome moyo kila wakimsalimu. Nami niliandika hivyo hivyo. Nikasoma: "Mimi, ofisa afya wa kata hii, natamka kwamba Mama Doto, mzazi wa marehemu, hakuacha jiko..."

"Simama hapo."

Mama Kulwa alikuwa ameinuka. Doto alimshika kanga, mama akamtoa mkono taratibu.

"Mimi ni Mama Kulwa," akasema, na hakuwa anasema na mimi peke yangu. "Mtoto nimewapa mkamzika. Jina sijawapa. Futa, kisha soma tena tangu mwanzo."

Nikafuta. Nikasoma tena tangu mwanzo, kwa jina lake. Nilipofika mahali pa kusema nani alionywa, nikaishusha karatasi. Hakuna aliyenisaidia. Mama Kulwa alibaki amesimama, ananitazama, mpaka nikasema.